Wasomaji Wauliza: Ruzuku za Serikali Kuu ya Marekani kwa Vyuo vya Watu Weusi

Binti yangu amepata nafasi katika chuo cha kihistoria cha Watu Weusi kule Maryland. Tunasikia serikali yao inavipa vyuo hivi mamilioni ya dola. Je, zitampunguzia ada? – Mzazi, Mombasa

Hapana, mama. Msipange ada kwa kuzitegemea. Fedha hizo hulipwa chuo, na sehemu kubwa huishia kwenye maabara, maktaba, mafunzo ya ziada na mishahara ya walimu. Binti yako atanufaika navyo akiwa darasani, lakini ankara yake haitapungua.

Msaada unaomfikia mwanafunzi mwenyewe ni ruzuku ya Pell, fedha za serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini, ambayo kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2025–26 ni dola 7,395. Hiyo hutolewa kwa raia, wenye ukaazi wa kudumu, wakimbizi na wachache wengine. Mwenye viza ya mwanafunzi hayumo. Aulize ofisi ya udahili kuhusu ufadhili wa chuo chenyewe, na aulize kabla ya kulipa amana ya nafasi. Akifika shahada ya uzamili au uzamivu, mlango mwingine hufunguka: profesa mwenye ruzuku ya utafiti ya serikali kuu mara nyingi anaweza kumwajiri mwanafunzi wa kigeni kama msaidizi wa utafiti na kumlipa kutoka humo.

Nimeajiriwa ofisi ya ruzuku katika chuo kimojawapo. Fedha za Fungu la III, Sehemu B hugawanywa vipi, na wakaguzi hutukamata wapi? – Msomaji, North Carolina

Sehemu B ya Fungu la III la Sheria ya Elimu ya Juu ya 1965, inayovipa fedha vyuo vya kihistoria vya Watu Weusi, haina ushindani. Chuo kilichoanzishwa kabla ya 1964 kwa lengo la kuwasomesha Wamarekani Weusi, na chenye ithibati, hupata mgawo kwa hesabu. Nusu ya fedha hufuata idadi ya wanafunzi wanaopata Pell, robo hufuata idadi ya wahitimu. Robo iliyobaki hufuata wahitimu ambao ndani ya miaka 5 wamejiunga na shahada za juu katika fani zenye Weusi wachache.

Ishughulikieni sana robo hii ya mwisho, kwa sababu mhitimu asiyefuatiliwa hahesabiwi. Wekeni daftari la wahitimu, wasilianeni nao kila mwaka, na mhifadhi uthibitisho wa usajili wao huko walikokwenda.

Kwenye matumizi kuna mipaka mitatu ya kukariri. Ujenzi na ukarabati wa madarasa, maktaba na maabara usizidi asilimia 50 ya mgawo. Mfuko wa akiba ya kudumu usizidi asilimia 20, na kila dola iwekewe angalau dola nyingine isiyotoka serikali kuu. Shule ya theolojia na ibada hazipati kitu, hata kama chuo ni cha kanisa.

Wakaguzi huanzia kwenye mishahara. Mtu anayelipwa nusu na ruzuku lazima awe na kumbukumbu zinazoonyesha kazi aliyoifanya kweli. Asilimia iliyoandikwa kwenye bajeti mwanzoni mwa mwaka haitoshi. Kosa la pili ni kuhamishia kwenye ruzuku gharama ambayo chuo kilikuwa kikiilipa chenyewe. Ruzuku hii ni ya kuongezea.

Usajili wa chuo katika SAM.gov, tovuti ambako wanaopokea fedha za serikali kuu hujiandikisha, nao huisha kila baada ya siku 365, na ukiisha chuo hakiwezi kupewa ruzuku mpya. Anzeni kuuhuisha miezi miwili kabla. Ni bure, anayewatumia ankara ya huduma hiyo msimlipe.

Kwa nini Tennessee State inasemekana inalidai jimbo mabilioni, na kila mtu anataja kiasi tofauti? – Msomaji, Nashville

Ni kwa sababu hesabu ni mbili. Tennessee State ni miongoni mwa vyuo 19 vilivyo chini ya sheria ya ardhi ya 1890, inayohusu vyuo vya kilimo na ufundi vya Watu Weusi. Fedha za serikali kuu za utafiti na ugani wa kilimo kwa vyuo hivi hudai jimbo lichangie dola kwa dola. Jimbo lisipochangia, chuo huomba msamaha wa hadi nusu ya mchango huo, na pengo hubaki kwake. Mwaka 2021 kamati ya bunge la Tennessee ilikadiria pengo hilo kuwa kati ya dola milioni 150 na 544.

Hesabu ya pili ni ya mwaka 2023, mawaziri wa elimu na kilimo wa serikali kuu walipowaandikia magavana 16. Wao walilinganisha fedha ambazo jimbo lilimpa kila mwanafunzi wa chuo cha 1890 na wa kile cha 1862 (chuo cha jimbo hilohilo kilicho chini ya sheria ya ardhi ya awali, ambacho kihistoria kilikuwa cha Wazungu), kuanzia 1987 hadi 2020. Kwa Tennessee State walipata takribani dola bilioni 2.1.

Dola milioni 250 zilizopitishwa na jimbo mwaka 2022 zilikuwa za majengo na miundombinu, na hazikuwa mchango wa kila mwaka. Mkihudhuria vikao vya bajeti, ulizieni mstari huo wa mchango kwa jina lake.