Kuhusu gego lako

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza ukubali dawa ipi ya kukutuliza kabla ya kung'olewa gego la mwisho: gesi, kidonge au sindano ya mshipa. Daktari wako wa Nyali amefanya vyema kukupa nafasi ya kuchagua.

Sijapata kukwambia haya. Nilipong'olewa jino nikiwa msichana, koleo lilitiwa na ganzi haijashika. Nilipiga ukelele wakasikia hadi barabarani. Baada ya hapo nikakaa na meno mabovu miaka, nawe mdogo wanitazama usiku nimeshika shavu. Woga huo nahisi umeutoa kwangu, na laniuma jambo hilo.

Basi elewa kwanza: sindano ya ganzi fizini utachomwa vyovyote, kwa kuwa ndiyo izimayo maumivu. Hizo tatu kazi yake kubwa ni kukutuliza moyo. Mwambie daktari aipime fizi kama imeshika ganzi kabla hajaanza, na ukiinua mkono asimame.

Mimi ningechagua gesi, ile iitwayo gesi ya kucheka. Huvutwa puani pamoja na oksijeni, mwili ukalegea, nawe wasikia na kujibu. Si jambo geni: Horace Wells, daktari wa meno wa Marekani, aliivuta mwenyewe 1844 akang'olewa jino. Ikifungwa, dakika chache tu akili imerudi. Ila ukiwa na mafua yamekuziba pua, ahirisha.

Kidonge humezwa mapema, na kikishaingia tumboni hakipunguziki. Usinunue chako dukani, mwanangu, wala usimeze cha shoga yako.

Ya mshipa ina nguvu zaidi. Wengi hata hawakumbuki waliyofanyiwa. Lakini uulize: wakati yeye anang'oa, nani atakuwa akiangalia pumzi zako na kile kifaa cha kubana kidoleni kipimacho oksijeni mwilini? Akibabaika kujibu, shuka kitini uondoke.

Ukichukua kidonge au ya mshipa, usiendeshe gari hadi kesho yake, na usipande feri ya Likoni peke yako na usingizi kichwani. Nitatoka Kibokoni asubuhi nikungoje pale kliniki, kisha tuvuke pamoja. Nitajie siku tu.

Na leo hii mpigie daktari umwambie una pumu, na dawa zote unazotumia. Usingoje mpaka umeketi.

Mamako