Baridi Inaishia Darini: Maswali Yenu ya AC na Njia za Hewa

Safari hii meseji nyingi zimetoka kusini, Mtwara na Lindi, na karibu zote zinauliza kitu kilekile, ninunue AC kubwa kiasi gani. Jamani, kabla ya kwenda dukani tupande kwanza darini tuone ile baridi mnayoilipia inaenda wapi.

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina gesti hapa Shangani, Mtwara. Aliyeniuzia jengo aliweka AC moja kubwa ya darini inayopeleka hewa kila chumba kwa mabomba. Mapokezini na vyumba vya mbele wageni wanaomba blanketi, vile viwili vya mwisho watu wanalala mlango wazi. Sasa na dari la korido limetoa madoa ya kahawia, usiku maji yanadondoka. Fundi wa kwanza kila akija anaongeza gesi, wa pili anasema ninunue mashine kubwa zaidi. Msimu wa korosho unakaribia, wanunuzi wanaanza kujaa mjini, na LUKU inanimaliza. Nifanyeje? *Mama mwenye gesti, Shangani*

JIBU: Shikamoo mama, na pole. Usinunue mashine kwanza, na huyo anayeongeza gesi kila akija mwambie apumzike. Gesi ya AC haipungui kama mafuta ya pikipiki, inazunguka humohumo kwenye bomba lililofungwa, kwa hiyo ikipungua maana yake inavuja mahali, na fundi anayejaza bila kutafuta panapovuja anakuuzia kitu kilekile kila mwezi. Tena kwa maelezo yako sidhani hata kama tatizo ni gesi, maana vyumba vya mbele vinaganda, yaani mashine baridi inaitoa vizuri tu. Inapotelea njiani.

Hizo njia za hewa, dakti kama wanavyoziita mafundi, zinapita juu ya jipsamu na chini ya bati, na juani hapo joto linapita nyuzi 50 kirahisi. Kila kiungo kilichoachia kinamwaga hewa ya baridi humo, unawapoza popo. Marekani, ambako nyumba nyingi zina mifumo hii, mpango wa serikali yao unaoitwa Energy Star unasema nyumba ya kawaida inapoteza asilimia 20 mpaka 30 ya hewa inayopita kwenye njia zake kwa kuvuja, matundu na viungo vilivyofungwa vibaya. Huko kuna wakaguzi na sheria, sasa wewe fikiria jengo ambalo hakuna aliyechungulia dari lake tangu lijengwe.

Kupima mwenyewe inawezekana na kifaa unacho tayari, udi wa vijiti. Panda asubuhi mapema kabla bati halijachemka, vaa barakoa kwa sababu ya ile sufi ya kioo inayovalishwa mabomba kuzuia joto, kanyaga mbao tu maana jipsamu haikubebi utaingia chumbani kwa mgeni bila hodi. Mtu wa chini awashe feni ya mashine peke yake. Sogeza kijiti taratibu kuzunguka kila kiungo, mbali kidogo na sufi na vumbi usije ukawasha moto, na angalia moshi. Kwenye bomba linalopeleka hewa vyumbani moshi ukisukumwa pembeni hapo panavuja. Kwenye bomba linalorudisha hewa kwenye mashine ni kinyume, utaona uzi wa moshi unapinda wenyewe na kuingia kwenye ufa. Huo ndo mbaya zaidi, kwa sababu mashine inavuta joto la darini, unyevu, vumbi na harufu ya mavi ya popo halafu inakusambazia ndani. Hata bila udi utaviona vingine, sufi iliyokaa juu ya ufa inakuwa nyeusi kama imepakwa masizi, kumbe ni vumbi lililochujwa pale miaka na miaka.

Nina hakika nusu ya viungo utakuta vimefungwa kwa ile tepu ya kijivu ya kitambaa. Iondoe. Mwaka 1998 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, California, walizipima tepu na gundi za kila aina kwa kuzipitisha kwenye joto na baridi, na ile ya kitambaa ndo iliyofeli vibaya, gundi yake inakauka inabanduka. Unachotaka ni mastiki, ile gundi nzito ya kupaka kwa brashi, au tepu ya foili ya alumini iliyotengenezwa kwa kazi hii. Mastiki ukiikosa Mtwara mjini agiza Kariakoo, ndoo inakuja na basi. Futa vumbi na mafuta mpaka bati ling'ae, bomba la bati lishikwe kwa skrubu zisizopungua tatu kila kiungo maana gundi haibebi uzito, halafu paka nene, unene wa sarafu hivi, ufa ukizidi milimita 6 weka kwanza wavu wa nyuzi ndo upake juu. Acha siku nzima ikauke kabla ya kuwasha. Najua wageni watalalamika, fanya kabla msimu haujaanza.

Sasa yale mabomba laini yanayojikunja, hapo ndipo vyumba vyako viwili vya mwisho vilipopotelea naamini. Fundi anakuwa na bomba la mita nane, safari ni mita tano, anaona huruma kulikata, analilaza linabembea katikati ya kenchi. Kila tumbo na kila kona kali inakula nguvu ya hewa, ikifika mwisho ni pumzi tu. Likate, livutwe mpaka linyooke, lishikiliwe kwa mkanda mpana (waya mwembamba unalikaba shingo) kila mita 1.2 au chini ya hapo, na kati ya mkanda na mkanda lisishuke zaidi ya sentimita 4 hivi kwa kila mita. Mwishoni ile ngozi ya ndani ivalishwe kwenye kola, ile shingo ngumu bomba linapoungwa, na ikazwe kwa mkanda wake peke yake, kisha sufi, kisha ngozi ya nje nayo ifungwe peke yake. Wengi wanafunga zote kwa pamoja kwa tepu moja, baada ya mwaka ya ndani imechomoka na kwa nje huoni kitu.

Maji ya korido hayo nayo usiwahi kusema bati linavuja. Kwanza mtu amwage maji kwenye trei ya mashine aone kama bomba la kutolea limeziba, likiwa zima basi hilo ni jasho la bomba. Pwani yetu hewa imeshiba mvuke, joto likiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 75, kitu chochote kilichopoa chini ya nyuzi 25 hivi kinaanza kulowa, na hewa inayotoka kwenye AC ni nyuzi 12 mpaka 15. Kwa hiyo kila sehemu ya bomba iliyo uchi, hata kiungo kidogo tu, itatoa jasho usiku kucha. Ivalishe sufi yenye ngozi ya foili kwa nje na kila mshono wa foili uzibwe, kwa sababu mvuke unaingia kutoka nje. Sufi iliyokwisha lowa itupe, haizuii joto tena na inafuga ukungu. Jipsamu yenye madoa ikikandamizwa ikabonyea badilisha, usiipake rangi juu.

Na kitu kimoja cha chini hapa. Kama grili ya kurudisha hewa iko korido tu, mgeni akifunga mlango hewa haina pa kutokea, inayoingia nayo inagoma. Kata chini ya mlango sentimita 2 au 3, au weka grili juu ya mlango. Usizibe grili za mbele kwa karatasi ili kulazimisha baridi iende nyuma, unaikaba mashine inaganda barafu. Kwenye matawi ya bomba kuna vizuizi vya kupunguza hewa, au fundi aviweke, hapo ndo vyumba vya mbele vinapunguzwa.

Yote hayo yakiisha na bado vyumba vya nyuma vina joto, ndo tuzungumze habari ya mashine.

SWALI: Kaka fundi, niko Mtanda, Lindi. Nina AC ya ukutani ya BTU 12,000 (kile kipimo cha nguvu ya kupoza) sebuleni. Fundi anasema atatoboa ukuta aweke bomba la PVC la inchi nne lenye kona mbili lipitie darini, baridi iende na chumbani, nisinunue ya pili. Bei yake ni nzuri. Nikubali? *Dada wa Mtanda*

JIBU: Usikubali dada yangu. AC ya ukutani imetengenezwa kutupa hewa wazi mbele yake, feni yake haina nguvu ya kusukuma hewa ndani ya bomba jembamba lenye kona. Ukiibana mdomo, hewa inapungua kwenye koili, yale mabomba ya ndani ya mashine yanayopoza hewa, koili inaganda, ikiyeyuka maji yanamwagikia kochi. Chumbani kutafika kaupepo tu, na hilo PVC likiwa uchi darini litatoa jasho kama lile la Shangani hapo juu. AC za kusambaza kwa mabomba zipo ila feni yake ni nyingine kabisa. Hiyo hela weka feni ya dari chumbani na uzuie joto la bati: karatasi ya foili chini ya bati ikiachiwa nafasi ya hewa, na matundu yenye wavu pande mbili za paa ili upepo wa bahari uingie huku utokee kule, Lindi upepo hamna shida nao. Ukijaliwa baadaye, BTU 9,000 ya chumbani inatosha kwa chumba cha kawaida. Na sebuleni weka nyuzi 24 mpaka 26, kuweka 16 hakuharakishi kitu.

SWALI: Nyumba yangu Mikindani iko karibu na maji kabisa, mashine ya nje inaoza kila siku. Kuna dawa?

JIBU: Chumvi hiyo. Zima umeme, imwagilie maji baridi ya kawaida kwa mpira kila wiki mbili tatu, bila presha kubwa maana mapezi ya alumini yanalala, ihamishie upande usiopigwa na upepo wa bahari kama inawezekana. Ukinunua nyingine ulizia yenye koili iliyopakwa kinga ya kutu.

SWALI: Sisi wa Newala mmetusahau, huku mwezi wa sita na wa saba ni baridi. AC inaweza kutoa joto? Bibi analala na jiko la mkaa chumbani.

JIBU: Hilo jiko litoke leo hii, kabla hujamaliza kusoma. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu wala haionekani na inaua mtu usingizini. AC kutoa joto inaweza, ila nyingi zinazouzwa kwetu ni za kupoza tu, angalia kwenye rimoti kama kuna alama ya jua na muulize muuzaji aiwashe uone. Na zikiwa za mabomba darini kuvuja ni kulekule, safari hii ni joto linalopotea. Kwa chumba kimoja cha bibi mi nisingeanza na AC, ningeziba kwanza ule uwazi kati ya ukuta na bati kwa mbao, niweke dari, nyavu za madirisha nizivalishe vioo, halafu blanketi zito. Zikibaki hela, hita ndogo ya umeme yenye kujizima ikianguka, mbali na chandarua.