Matawi ya mwaka jana, kibubu cha mwaka huu: kujiandaa na Kwaresima jumuiyani

Jumuiya nyingi, zile kaya jirani za Kikatoliki zinazosali pamoja mtaani, huanza Kwaresima kwa nguvu na kuishiwa pumzi wiki ya tatu. Jumatano ya Majivu, siku ya kwanza, kanisa linafurika; Ijumaa ya kwanza ibada ya Njia ya Msalaba inajaa hadi nje. Kisha mvua za Machi zinakolea, palizi inabana, fedha ya korosho imeshakwisha, na wanaobaki kwenye sala ya Jumamosi alfajiri ni akina mama wale wale watano. Watu husema imani imepoa. Mimi sioni hivyo. Jumuiya inaingia kwenye siku arobaini bila kujua zitaishia kwenye nyumba ya nani, na safari isiyo na kituo huchosha hata mwenye miguu mizuri.

Kwa hiyo, kabla ya majivu, chagueni nyumba. Kaeni wiki mbili kabla, na ajenda ya kwanza iwe hii: hapa mtaani nani paa lake linavuja, nani hana wa kumchotea maji, nani ameacha kliniki kwa kukosa nauli ya kwenda hospitali ya Ndanda au Nyangao. Msitazame Wakatoliki peke yao. Huku kwetu kusini, Mtwara na Lindi, jirani wa karibu mara nyingi ni Mwislamu, na sadaka ya Kwaresima haiulizi kadi ya ubatizo. Chagueni jambo moja, yakizidi mawili. Jumuiya inayochagua matano humaliza na sabuni mche mmoja kwa kila mtu. Kisha watumeni wawili waende kimya kimya kumwuliza mwenyewe kama anaafiki. Mzee aliyesikia jina lake kwenye matangazo ya Dominika, yaani Jumapili kanisani, anaweza kukataa msaada wote, na atakuwa na haki.

Tuseme mmechagua paa la makuti la bibi anayeishi na wajukuu. Nendeni mvua inaponyesha, au mara inapokatika. Ingieni ndani, wekeni alama ya mkaa sakafuni kila mahali tone linapoangukia, halafu tazameni juu. Maji huteremka kwa kufuata fito kabla ya kudondoka, hivyo tundu lenyewe huwa juu zaidi kuelekea kilele cha paa, si pale juu ya alama. Wengi hubandika makuti mapya juu ya tone na kushangaa wiki ijayo nyumba bado inavuja. Gongeni fito kwa kidole. Zikilia mvungu, mchwa wameshakula, na makuti mapya yatashuka nazo. Hesabuni makuti, fito na kamba, ulizeni bei sokoni siku hiyo hiyo, muandike.

Hapo ndipo kibubu kinapata maana. Gharama ikifika shilingi 60,000 na jumuiya ina kaya 15, kila kaya inadaiwa 4,000 kwa Kwaresima nzima. Kwa wiki sita ni chini kidogo ya 700 kwa wiki. Iandikeni 700, isomwe kila Jumamosi imefika ngapi. Asiye na fedha alete nguvu: kusuka makuti, kukata fito, kupika siku ya kazi. Kule juu Newala na Tandahimba, ambako maji ni kazi ya siku, ndoo mbili kila asubuhi kwa mgonjwa zinaweza kuwa sadaka nzito kuliko noti. Na kazi yenyewe ifanyike kabla ya Dominika ya Matawi. Wiki Takatifu haina nafasi, na bibi anahitaji paa mvua zikiwa bado zinanyesha.

Hiyo 700 inatoka wapi? Inatoka kwenye kufunga, na hapa watu wa pwani tujiambie ukweli. Kuacha nyama siku ya Ijumaa si mzigo mkubwa kwa mtu wa Mikindani anayekula changu na pweza wiki nzima. Sheria ya Kanisa unaitimiza, lakini tumbo halijasikia kitu. Ukitaka kufunga kukuguse, acha kile unachokinunua kila siku bila kufikiri: soda, vocha ya bando, bia ya jioni, chapati ya saa nne. Kiasi cha fedha uliyoiacha kitie kibubuni siku ile ile. Ukisema nitaweka mwisho wa wiki, haitakuwepo.

Sheria yenyewe ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Kufunga kunawahusu wenye miaka 18 hadi wanapotimiza 59, na ni siku mbili tu: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Unakula mlo mmoja kamili, na unaruhusiwa vingine viwili vidogo ambavyo ukivijumlisha havifikii mlo mmoja. Maji hayavunji mfungo, wala dawa. Kujinyima nyama kunaanzia miaka 14. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, anayetumia dawa zinazotaka chakula, hawa hawafungwi na sheria ya njaa. Kiongozi wa jumuiya aliseme hilo waziwazi mbele ya watu, kwa sababu wapo wanaoruka dozi za TB au ARV wakidhani wanamtolea Mungu, na aibu inawazuia kuuliza. Wao watafute sadaka nyingine: kupatanisha ugomvi, kumtembelea mgonjwa, kusali rozari na watoto.

Sasa majivu, maana kila mwaka pana vigango, makanisa madogo yaliyo chini ya parokia, vinavyohangaika Jumanne usiku. Majivu hutokana na matawi yaliyobarikiwa Dominika ya Matawi ya mwaka uliopita, yale yaliyochomekwa juu ya mlango na nyuma ya picha. Tangazeni Dominika mbili kabla, waumini wayalete. Huku matawi yetu mengi ni ya mnazi, na mnazi una jambo lake: ondoeni chelewa, ile njiti ngumu ya katikati ya jani, kwanza, kwa sababu haiungui sawasawa na huacha vipande vinavyokwaruza paji la uso. Yaanikeni juani siku mbili au tatu, si moja. Ni msimu wa mvua, na jani lenye unyevu hutoa moshi mwingi na kubaki nusu bichi. Chomeni ndani ya debe, na moto ukishashika vizuri lifunikeni kwa bati, mkiacha upenyo mdogo. Yakiungua wazi hadi mwisho mnapata majivu meupe ambayo hayaonekani vizuri kwenye ngozi. Yakifunikwa yanabaki meusi. Msiwashe kwa mafuta ya taa, harufu haitoki. Yakipoa, twangeni, chujeni kwa chujio la chai. Ndoo nzima ya majani huishia majivu kidogo tu, kwa hiyo msidharau tawi moja la nyumba moja. Jambo la mwisho ni maji: msikoroge uji. Majivu na maji yakikaa pamoja huwasha ngozi, ya watoto hasa. Matone machache wakati wa ibada yanatosha, au yatumike makavu.

Kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre, kinaharibika kwa kungoja. Parokia yenye vigango vingi na padre mmoja au wawili haiwezi kusikiliza watu wote Wiki Takatifu, hata wakikaa hadi usiku. Katekista aombe tarehe kwa paroko mapema, wiki ya pili au ya tatu, na jumuiya zipangwe kwa zamu. Aliyekaa miaka mingi asiogope kusahau utaratibu. Aseme tu, "Padre, nimekaa miaka kadhaa, nisaidie," na padre ataongoza. Wanaoishi bila ndoa ya Kanisa wasiachwe kando wakadhani Kwaresima si yao; waende kuzungumza na padre, kwani baadhi ya vikwazo hufunguka kwa karatasi na mashahidi wawili.

Tafakari za jumuiya zifuate Ujumbe wa Kwaresima wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania unaotolewa kila mwaka. Gawanyeni sehemu, moja kila wiki, asome kijana mwenye sauti wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, kisha watu waongee. Dakika 45 zinatosha. Mwenyekiti anayehubiri saa nzima ndiye anayepunguza watu, si mvua. Wanakwaya nao wakumbuke kwamba Aleluya inapumzika, na Utukufu pia isipokuwa kwenye sherehe. Ngoma na kinanda ni vya kusindikiza sauti tu, isipokuwa Dominika ya nne na sherehe kama ya Mtakatifu Yosefu, Machi 19, na Kupashwa Habari, Machi 25.

Njia ya Msalaba ya Ijumaa, vituo 14, iwekwe saa 10 jioni ili watu wafike nyumbani kabla ya giza. Mvua ikinyesha, msiivunje: ingieni ndani, anayeongoza na mbeba msalaba wazunguke vituo, wengine mkae mlipo mkielekeza macho. Inatosha kabisa. Wapeni watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki, kituo kimoja wakisome wao, muone wazazi watakavyokuja.

Ile ya barabarani ya Ijumaa Kuu inahitaji akili zaidi. Ijumaa Kuu ni Ijumaa, na kuanzia saa 6 mchana majirani zetu wanaelekea msikitini. Anzeni saa 2 na nusu au saa 3 asubuhi, mpange kufika kanisani saa 5 na nusu. Itembeeni njia wiki moja kabla mkiwa na saa mkononi. Watu 300 wenye wazee na watoto hutumia muda kama mara mbili ya ule wa mtu mmoja. Barua kwa serikali ya mtaa na polisi ipelekwe mapema, na mkifika karibu na msikiti spika izimwe, kituo kisiwekwe pale. Mwaka 2026 na 2027 Kwaresima na Ramadhani zinaanza ndani ya juma moja, kwa hiyo mitaani mwetu karibu kila nyumba inakuwa kwenye toba. Mwenyekiti wa jumuiya aende mwenyewe kwa imamu, amweleze njia na saa, na aulize kama kuna mazishi au dua siku hiyo. Asitume ujumbe wa simu.