Maswali na Majibu: Kwa Nini Mfarishi Wangu wa Leso Umekunjamana?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Malindi, na kwa miezi minane nimekuwa nikishona mfarishi wa viraka kwa ajili ya kitanda cha binti yangu. Nimetumia leso (kanga) mbili kuukuu za marehemu nyanya yangu, leso tatu mpya za dukani, na vipande alivyonipa fundi cherehani jirani yangu. Katikati nilijaza sufi. Siku niliyoumaliza nilifurahi hata usingizi ukaniruka. Wiki mbili baadaye niliufua kwa mara ya kwanza, na ulipokauka ulikuwa umekunjamana, nyekundu imeingia kwenye nyeupe, na sufi imejikusanya pembeni. Pembe za viraka nazo hazikukutana tangu mwanzo. Je, nifumue wote au nianze upya? Na nilikosea kuzikata leso za nyanya?

JIBU: Marahaba, dada, na pole sana. Usianze upya, wala usifumue wote. Nimeshona hapa Langoni, Lamu, kwa zaidi ya miaka ishirini, na kosa lako nimeliona mara nyingi kwa wanafunzi wangu walio makini kuliko wote. Halikutokea kwenye sindano. Lilitokea kabla hujatunga uzi, pale ulipoziunganisha nguo ambazo hazijapitia maji mamoja.

Leso ya nyanya yako imefuliwa mara mia na zaidi. Imekwisha kuruka, yaani kunywea, imelainika, na haina tena pa kwenda. Leso mpya hutoka kiwandani ikiwa ngumu kwa dondo, yaani wanga wa kukazia nguo, na pamba yake bado ina safari. Pamba ambayo haijafuliwa huweza kuruka kiasi cha asilimia 3 hadi 5, yaani kiraka cha sentimita 15 hupoteza karibu nusu sentimita au zaidi kidogo. Ukikishona kiraka hicho ubavuni mwa kile cha nyanya kisha ukaufua mfarishi, kipya kinajikaza na cha zamani kinakataa, na nguo iliyozidi haina budi kuinuka na kukunjamana. Dawa yake ilikuwa kuzifua zote kwanza, mpya mara mbili, kuzianika kivulini na kuzipiga pasi zingali na unyevu kidogo, ndipo mkasi uguse. Najua inavyochosha kusubiri wakati vitambaa vizuri vimelala mbele yako, lakini kazi hii hudai subira hiyo mapema.

Suala la pembe lina sababu yake. Nadhani ulikata kwa kufuata mistari ya pindo au maua ya mji, yaani sehemu ya katikati ya leso, jambo ambalo kila mtu hulifanya kwa sababu jicho huamini chapa. Chapa ya leso mara nyingi huwa imekaa upande kidogo. Nyuzi zenyewe zinakwenda kwingine. Chukua kipande cha leso mpya, kata mdomo mdogo ukingoni, kisha shika uzi mmoja kwa kucha na uuvute polepole. Nguo itajikusanya mbele ya vidole vyako kama pazia, uzi utatoka, na mahali ulipotoka patabaki mstari mwembamba ulio wazi, unaoonekana vizuri ukiinua nguo dirishani. Huo ndio mstari wa kukatia. Kiraka kilichokatwa mshazari, hata kidogo tu, hunyooka kikivutwa na mguu wa cherehani, na ukikipima baada ya kushona hukuti tena mraba.

Zaidi ya hapo kuna hesabu ndogo ambayo wengi hawaifanyi. Nafasi ya mshono katika kazi ya viraka ni milimita 6. Ukizidisha milimita 1 tu kila upande, kila kiraka kimepungua milimita 2, na mstari wa viraka kumi umepungua sentimita 2 nzima kuliko mstari wa jirani yake ulioshonwa sawasawa. Bandika kipande cha utepe juu ya bamba la cherehani, milimita 6 kutoka kwenye sindano, na ukingo wa nguo uutelezeshe hapo bila kuuacha.

Kuhusu vipande vya jirani yako, vichunguze. Mwaka wangu wa kwanza nilishona kiraka cheusi kilichobaki kwenye buibui, nikakipitishia pasi yenye moto wa pamba, na kikayeyuka mbele ya macho yangu pamoja na kazi ya wiki tatu. Nililia. Tangu siku hiyo huchomoa uzi mmoja na kuuchoma: pamba huacha jivu laini lenye harufu ya karatasi iliyoungua, na poliesta hujikunja ikawa shanga ngumu. Cha shanga usikichanganye na leso.

Sufi nayo ni nzuri mno, ila kwa mito. Nyuzi zake ni fupi na zinateleza, hazishikani zenyewe kwa zenyewe, hivyo hukimbilia kila penye nafasi. Kwa joto la pwani yetu mfarishi hauhitaji kujazwa hivyo. Weka katikati shuka kuukuu ya pamba, au blanketi jembamba ukipenda uzito wakati wa kusi.

Sasa ufanye nini? Kwa kuwa mfarishi umekwisha kufuliwa, sehemu kubwa ya kuruka imekwisha kutokea, na matengenezo ya leo yatadumu. Shughulikia rangi kwanza, na usipige pasi kabla haijatoka, kwa maana joto la pasi huweza kuigandisha. Fumua ubavu mmoja, toa sufi yote, kisha loweka nguo usiku kucha katika maji mengi ya moto yenye sabuni ya unga, mengi kiasi cha nguo kuelea bila kujikunja, na ubadilishe maji kila yanapogeuka mekundu. Tumia maji ya mvua ukiyapata, maana ya visima vyenye chumvi hayatoi povu. Watu watakushauri chumvi au siki. Sizitegemei kuzuia leso iliyochapwa kiwandani isichuje.

Fumua kisha mishono ya juu iliyopitia tabaka zote, ubaki na uso wa viraka peke yake. Utandaze juu ya mkeka ungali na unyevu, uuvute taratibu kutoka katikati kwenda pembeni, na uuache ukauke umenyooka. Pembe zilizopishana chini ya milimita 5 ziache, maana ukizifumua utachakaza nguo ya nyanya bila faida. Fumua pale tu panapovuta hata panainuka, labda mishono kumi au kumi na mitano. Panga tabaka tatu, nguo ya chini, shuka ya katikati na uso wa viraka, kisha piga bandi, yaani mishono mirefu ya kushikiza, kwa mkono kila upana wa kiganja, ukianzia katikati. Usitumie pini ukijua kazi itakaa siku kadhaa. Hewa yetu ya chumvi huzitia kutu na doa lake ni gumu kutoka. Ndipo ushone, kila mara ukitoka katikati, na mguu wa cherehani ukiwa umelegezwa kidogo usiisukume nguo ya juu.

Kuhusu nyanya, hukukosea, dada. Huko Alabama, Marekani, mwaka 1942 Missouri Pettway alishona mfarishi kwa nguo za kazi za marehemu mumewe, apate kujifunika nazo. Leso iliyokunjwa sandukuni haimfuniki mtu. Ya nyanya yako itamfunika mjukuu wake.

Bila shaka una mabaki yake yasiyo na umbo. Usiyakate miraba. Yashone kwa mtindo wa kawandi wa wanawake wa Kisiddi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika ambao mababu zao walivushwa bahari hii hii yetu. Wao hutandika nguo pana ya chini, huanzia ukingoni, hukunja kingo za kila kiraka na kukipiga bandi kwa mkono, kisha huzunguka na kuzunguka hadi wafike katikati. Hakuna pembe za kukutanisha wala cherehani. Uzi, sindano na subana vinatosha. Kama jina la leso ya nyanya, yaani maneno yaliyochapwa juu yake, limebaki zima, tuseme ni ile ya “Nani kama mama”, usilikate maneno. Liweke kando tangu siku ya kwanza, uanze na vipande vingine, na mzunguko utakapokufikisha katikati, jina hilo ndilo liwe kiraka cha mwisho.