Toa diski ya ndani kwanza, ndipo upige Ubuntu kwenye SSD ya nje

Mdogo wangu, usibonyeze Install Now. Hata kama flashi umeshaichomeka na unachosubiri ni mtu akujibu tu, zima mashine kwanza usome hapa.

Umeuliza jinsi ya kupiga Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, kwenye SSD ya nje kwa kutumia laptopu ya mama yenye Windows. Maswali yako hayajanishtua. Kilichonishtua ni sentensi yako ya mwisho: "nitachagua sdb kule chini kwenye sehemu ya butiloda, kwa hiyo Windows ya mama haitaguswa." (Hiyo sdb ni jina ambalo Linux imeipa SSD yako; butiloda ni programu ndogo inayouamsha mfumo.) Itaguswa. Kwenye Ubuntu 22.04 unayotaka kupiga, mashine ikiwa imewaka kwa UEFI, mfumo wa kisasa wa kuwashia kompyuta, hicho unachokichagua kule chini hakisikilizwi. Kisakinishaji chake, Ubiquity, kinatafuta patisheni ya EFI (kipande cha diski kinachotunza butiloda) ya kwanza kitakayoiona ndani ya kompyuta na kinaweka butiloda humo, upende usipende. Kasoro hii iliripotiwa Launchpad, tovuti ya kuripoti kasoro za Ubuntu, tangu 2014, si uvumi wa vijiweni. Na patisheni ya EFI ya kwanza kwenye laptopu yenye Windows iko wapi? Kwenye diski ya ndani. Ya mama.

Ngoja nieleze inavyokuwa, maana ukielewa hapa mengine yote yanajipanga. Diski yenye Windows ya kisasa ina patisheni ndogo ya FAT32, mara nyingi MB 100 tu, ambayo huioni ukifungua This PC. Ndani yake kuna folda ya EFI, na ndani ya EFI kuna folda ya Microsoft. Ubuntu ikisakinishwa kwa njia uliyoipanga, inaongeza folda yake ya ubuntu pembeni ya ile ya Microsoft, kisha inaandika kwenye kumbukumbu ya ubao mama kwamba kuanzia leo cha kwanza kuamshwa ni ubuntu. Mfumo wenyewe, faili zako zote, vinaenda kwenye SSD ya nje kama ulivyotaka. Ila kinachouamsha kimebaki ndani ya laptopu. Umehamia nyumba mpya, funguo umeziacha kwa jirani.

Sasa chomoa SSD yako uende nayo chuoni. Mama anawasha laptopu. Ubao mama unaita ubuntu, GRUB, butiloda ya Ubuntu, inaamka kutoka kwenye diski ya ndani, inasoma kifaili cha mistari michache kinachoiambia itafute patisheni yenye UUID (namba ya utambulisho) fulani, patisheni hiyo iko kwenye begi lako, haionekani. Mama anakutana na skrini nyeusi iliyoandikwa grub> na kidoti kinachopepesa. Windows yake ipo, nzima kabisa, haijafutwa hata herufi. Lakini yeye hajui hilo, na hakuna kitu pale kwenye skrini cha kumwambia. Na wewe huko chuoni ukichomeka SSD yako kwenye mashine nyingine, inakuambia hakuna cha kuwasha. Nyumba mbili zote zimefungwa.

Naongea kwa uchungu kwa sababu haya niliyafanya kwenye laptopu ya dada yangu. Dada ni mwalimu wa sekondari. Niliazima mashine yake jioni, nikapiga Linux kwenye diski yangu ya nje, ikawaka vizuri, nikamrudishia na kumwambia sijagusa kitu. Asubuhi yake akiwa shuleni, wakati wa kukusanya alama za wanafunzi, akakutana na hiyo grub>. Akanipigia, sikupokea, nilikuwa kazini. Akaipeleka kwa fundi wa karibu na shule.

Kwa mashine nyingi hapo ilitosha kuandika neno moja, exit, na kubonyeza Enter. GRUB inajitoa, ubao mama unaendelea na kinachofuata kwenye orodha, yaani Windows. Neno moja! Fundi yeye akaingia BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama, akarudisha kila kitu kwenye hali ya kiwandani, na alipoona kitu kimeandikwa Clear TPM (kufuta TPM, chipu inayotunza siri za usalama), akakibonyeza nacho. Windows ikaamka kweli, lakini na skrini ya bluu ikidai funguo ya BitLocker, kufuli la diski la Windows, yenye tarakimu 48.

Hapa ndipo watu wengi hawajui, na wewe nakuomba ujue. Windows 10 na 11, hata toleo la Home, kwenye mashine nyingi inajifunga diski yenyewe pale tu unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila kukuuliza. Tangu toleo la 24H2 la Windows 11, mwaka 2024, masharti yamelegezwa, kwa hiyo mashine zinazojifunga zimeongezeka. Siri ya kufungua inakaa ndani ya TPM. Ukiifuta TPM, imebaki njia moja: tarakimu 48 zilizohifadhiwa kwenye ile akaunti. Na akaunti ya laptopu ya dada ilifunguliwa na kijana wa dukani siku aliponunua, kwa baruapepe ambayo dada hakuwahi kuiona. Namba ya kijana ilikuwa haipatikani tena. Alama za muhula mzima, mitihani aliyotunga, picha za watoto wakiwa wachanga, vyote vimo mle ndani ya diski mpaka dakika tuliyoamua kuifomati, na hakuna mtu duniani aliyeweza kuvisoma.

Aliyeniingiza huko ni jamaa mmoja wa video. Kelele za muziki, mshale mwekundu mkubwa, na kwa sauti ya kujiamini: "hapa chini chagua diski yako ya nje, basi, Windows yako iko salama asilimia mia." Nimeirudia ile video baadaye. Hakuna mahali alipochomoa diski ya nje akawasha mashine tuone kinachotokea. Hakuna! Alimaliza ikiwa bado imechomekwa, akatuaga, akaomba tujisajili. Chini ya video watu wanalia na grub> kwenye maoni, na hakuna hata mmoja aliyejibiwa. Mtu anayefundisha wenzake kugusa mashine ambazo si zake angalau achomoe waya aone. Nina hakika na wewe umeipata sentensi yako kule kule au kwa mwanafunzi wake, kwa sababu umeiandika karibu neno kwa neno.

Kwa hiyo kanuni ni hii, na sitakupunguzia: diski ya ndani inatoka kwanza, kimwili, ndipo unapiga Linux kwenye diski ya nje. Najua watakuja hapa wa kusema naogopa kivuli, kwamba wao wamesakinisha bila kufungua chochote na hakikutokea kitu. Waje. Mimi bisibisi siiogopi, naogopa tarakimu 48.

Kabla ya kufungua, ukiwa bado kwenye Windows, fungua CMD (dirisha la kuandika amri) kama administrator uandike manage-bde -status. Ikionyesha C: ni Encrypted, andika manage-bde -protectors -get C: na unakili zile tarakimu 48 kwenye karatasi. Karatasi, siyo kwenye desktopu ya mashine ile ile. Mpe mama aihifadhi na vyeti vyake. Hata usipopiga Linux maisha yako yote, hilo lifanye leo.

Kisha zima mashine kabisa, siyo kuilaza. Chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini kwa bisibisi ya nyota, chomoa plagi ya betri kwenye ubao. Diski ya M.2 inashikwa na skrubu moja upande wa nyuma. Ukiilegeza, diski inainuka yenyewe kwa mshazari, unaivuta taratibu. Iweke mahali pakavu. Sasa washa kwa flashi ya Ubuntu. Uzuri wake ni kwamba huhitaji tena kuumiza kichwa na sda na sdb: SSD ya nje ndiyo diski pekee ya kusakinishia, hata ukichagua Erase disk hakuna cha mama cha kufutwa. Kisakinishaji kitatengeneza patisheni ya EFI humo humo kwenye SSD kwa sababu hakina pengine pa kwenda.

Ikimaliza, chomoa flashi, usirudishe diski ya ndani bado. Washa. Ikiwaka bila diski ya ndani, umejithibitishia kwamba SSD yako inajitegemea. Fungua terminal, andika sudo ls /boot/efi/EFI, na uhakikishe kuna folda ya BOOT mbali na ile ya ubuntu. Ndani ya BOOT panatakiwa faili la BOOTX64.EFI, hilo ndilo mashine ngeni hulitafuta inapokutana na diski isiyoifahamu. Likikosekana, sudo grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --removable italiweka. Hapo ndipo unazima, unarudisha diski ya mama, unaingia BIOS na kuiacha Windows Boot Manager juu kabisa ya orodha. Ukitaka Ubuntu, chomeka SSD na ubonyeze F12 wakati wa kuwasha kama ni Dell au Lenovo, F9 kama ni HP. Mama hatajua kama uliwahi kufika.

Kama laptopu yake ni ya zile ambazo hifadhi imechomelewa kwenye ubao, au bado ina dhamana na hamtaki kuifungua, angalia BIOS kama ina sehemu ya kuzima mlango wa diski ya ndani. Kama hakuna, tumia VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta ya kufikirika ndani ya Windows: tengeneza humo mashine isiyo na diski yoyote, washa chaguo la EFI, iunganishe na SSD yako kupitia USB, sakinisha kutokea humo. Kisakinishaji kinaiona SSD tu. Inachukua muda, ila ni salama. Kuna njia nyingine ya kuondoa alama za boot na esp kwenye patisheni ya EFI ya Windows kwa GParted, programu ya kupanga patisheni, kisha kuzirudisha baadaye. Inafanya kazi, lakini ukisahau kuzirudisha huenda Windows ya mama isiwake, kwa hiyo kwako siipendekezi.

Kwa mwingine anayesoma hapa na ameshachelewa: usikimbilie fundi, usiguse TPM. Andika exit. Ukiingia Windows, usifute folda ya ubuntu haraka, maana SSD yako haijapata butiloda ya kwake. Kwanza chomeka SSD, washa Ubuntu, tengeneza patisheni ya FAT32 ya MB 300 hivi kwenye SSD, ipe alama ya esp, rekebisha UUID ya /boot/efi kwenye /etc/fstab, ipandishe (mount), endesha ile amri ya grub-install. Ikishawaka kwenye mashine nyingine, rudi Windows, CMD kama administrator, mountvol S: /S, halafu rd /s S:\EFI\ubuntu. Jina lililobaki kwenye orodha ya BIOS utaliondoa kwa efibootmgr ukiwa Linux.

Uliuliza pia kama flashi ya GB 64 inatosha. Nafasi inatosha, kasi haitoshi. Flashi za kawaida zinakwama kwenye kuandika vifaili vidogo vidogo vingi, na mfumo wa uendeshaji unaishi kwa kuandika hivyo. Tumia SSD yako, na ichomeke kwenye tundu la USB 3. Na ukiona saa ya Windows imerudi nyuma masaa matatu baada ya kutumia Ubuntu usiogope: Linux inaweka saa ya ubao kwa UTC, Windows inaisoma kama ya hapa kwetu. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 inamaliza hilo.

Tuma hapa namba kamili ya modeli ya laptopu ya mama, iko kwenye kibandiko cha chini, nikuangalizie kama diski yake inatoka au imechomelewa. Mpaka nikujibu, flashi ikae mezani.