Daktari wangu alihamishwa, nikaanza moja

Alhamisi iliyopita nimechukua majibu ya damu, TSH, kile kipimo cha tezi ya shingo, imesoma 1.9, yaani sawa, nikakaa kwenye benchi la nje ya maabara nikalia mpaka sista akaja kuniuliza mama vipi, umefiwa? Sikufiwa. Ni miezi 14 nilikuwa naisubiri hiyo namba ikae sawa. Jioni yake nafungua simu nakuta meseji ya dada mmoja kahamia hapa Tanga kikazi, ana presha, ananiomba jina la daktari mzuri wa kudumu. Dada yangu, jina nitakupa pembeni, ila hapa ngoja niseme nilivyopita maana najua mko wengi mnataka nilichokuwa nakitaka mimi, daktari anayekujua, sio wa kukuuliza "unasumbuliwa na nini" kila ukienda kama vile umezaliwa jana.

Mimi nilikuwa naye miaka 6. Alinijua presha yangu, alijua mimba iliyotoka, alijua marehemu mama alikuwa na rovu shingoni. Siku nimeenda naambiwa dirishani kapata uhamisho, yupo mkoa mwingine. Nikauliza sasa mimi nionwe na nani, nikajibiwa yeyote wa zamu. Na ule ujuzi wote wa miaka 6 aliondoka nao kichwani maana faili langu lilikuwa na kurasa mbili tu, hilo sijalisahau.

Kipindi hichohicho ndio mwili ukaanza visa. Moyo unaenda mbio nimekaa tu, jasho usiku, nilikuwa na kilo 71 nikafika 62 na chakula nakula vizuri kabisa. Ngamiani nzima wananisifia nimependeza, shangazi yangu ananiuliza natumia dawa gani ya kupungua.

Dokta wa kwanza kanipima malaria, hakuna, akasema yutiai, maambukizi ya njia ya mkojo, nikapewa sipro, antibayotiki. Wa pili yutiai tena. Wa tatu hata hakunigusa, akaniuliza mama una ndoa, nikasema ninayo, akasema basi una mawazo, punguza mawazo. Nilitoka pale nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani na nauli ninayo mkononi. Ukiambiwa ugonjwa wako ni mawazo unaanza kweli kujiona muongo, na mpaka leo hilo neno linaniuma.

Wa nne nilielekezwa na jirani, binti mdogo kabisa, mimi ningeweza kumzaa. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akainuka akazima feni, akaniambia mama nyoosha mikono mbele, tanua vidole, akachukua karatasi nyeupe ya kawaida akailaza juu ya vidole vyangu. Ile karatasi ikawa inatetemeka, pembe zinachezacheza, na chumba hakina upepo hata kidogo. Tukaitazama wote wawili. Akanipa maji kikombe, kunywa taratibu, yeye anaangalia shingo wakati nameza. Akahesabu mapigo, 118. "Mama, hii sio mawazo, ni tezi ya shingo." Mimi nilidhani rovu ni kukosa madini joto kwenye chumvi tu, kumbe tezi inaweza pia kufanya kazi kupita kiasi, homoni inazidi, na ndio inayokimbiza moyo na kula kilo.

Akaniandikia vipimo, majibu yalipotoka akaniandikia rufaa kwa bingwa wa homoni, na hapo ndio nikajua rufaa nayo ni safari. Kwa utaratibu ngazi ni zahanati, kituo cha afya, wilaya, rufaa ya mkoa, halafu kanda, na sisi Tanga tunahesabiwa kaskazini kwa hiyo ya kanda ni KCMC kule Moshi, juu kabisa ndio Muhimbili. Kwa bima ukiruka ngazi bila karatasi unarudishwa. Mimi karatasi ninayo, nimetoka stendi ya Kange alfajiri, nimefika hospitali moja nje ya mkoa (jina silitaji), nimepanga foleni, kufika dirishani naambiwa fomu haina muhuri. Muhuri! Halafu jina kwenye fomu limekosewa herufi moja halifanani na kadi, na bingwa mwenyewe kliniki yake ilikuwa jana yake. Nauli, kulala, kula, ilinitoka laki na nusu na sikuonwa na mtu. Mwezi mzima nikasubiri tena ndio nikaenda na nikaonwa, nikaanzishiwa kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni ya tezi.

Sasa nisikilizeni wenzangu. Nunua kauntabuku, andika kila kitu, tarehe, dawa, kipimo, nani kakuona. Hilo buku ndio daktari wako wa kudumu, wengine wanahama. Kabla hujatoka chumba cha daktari soma fomu yako ya rufaa, jina, namba ya kadi, sahihi, muhuri, usione haya, dokta akinuna muache anune. Piga simu uulize siku ya kliniki ya huyo bingwa. Na ukipewa yutiai mara ya pili na hali ni ileile usipokee tena kimyakimya, omba uangaliwe upya, mwili ni wako na andika kwenye buku. Wanaotumia kabimazoli, mkiona homa na koo linauma msinunue dawa duka la dawa, nendeni hospitali siku hiyohiyo wapime damu, maana dawa hii inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi. Bingwa aliniambia hilo mara tatu nami nawaambia.

Juzi nimerudi kwa yule binti kumuonyesha majibu. Kafurahi kunizidi. Akaniambia mama, mwakani naomba kwenda kusoma ubingwa. Nikamtolea kauntabuku palepale, nikamwambia basi niandikie mwanangu historia yangu yote humu kabla hujaondoka. Akaandika kurasa mbili, mwandiko wa kusomeka, akapiga muhuri.