Dada wa Arua, kupigwa si sehemu ya ndoa

Dada yangu, pole. Unasema mumeo anakupiga kila ukichelewa kurudi kutoka sokoni, anajikinga kwa aya ya 34 ya Suratun-Nisaa, inayotaja kumpiga mke, na mama mkwe anakwambia usubiri tu. Subira gani hiyo ya kuvunjwa mbavu? Bi Aisha amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) hakupata kumpiga mwanamke kwa mkono wake. Mwulize mumeo anamfuata nani. Tena kukulisha na kukuvisha ni wajibu wake. Pesa ya biashara yako ni yako, hata akinuna.

Aya ya 35 ya sura hiyo hiyo, kuhusu mume na mke wanaogombana, inataka mwamuzi kutoka kwenu na mwingine kutoka kwao. Mtafute mjomba asiyeogopa kusema, si yule mpenda sifa. Lakini kikao hicho kije ukiwa salama, kwa hiyo leo lala kwa ndugu zako.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2010 inakataza ukatili wa nyumbani, na ndoa ya Kiislamu haikuachwa nje yake. Anza kwa mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa) au dawati la familia polisi. Majeraha yapimwe mapema, kabla hayajapona.